Tuta la loshuu lililochanua upande mmoja

Kisa hiki ni cha tuta moja la mboga huko Moshono, Arusha. Mwenye bustani ni mama anayelima nyuma ya nyumba yake, mboga ya nyumbani na ya kumgawia jirani ikizidi. Mwanzoni mwa Juni, masika yalipokwisha na udongo ukiwa bado na unyevu, alipanda loshuu, mboga ya majani ya jamii ya kabeji na haradali. Mbegu alinunua soko la Tengeru siku ya gulio, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti kama zinavyouzwa siku zote. Zikaota vizuri, akapunguzia, akamwagilia. Ilipofika wiki ya saba, theluthi ya tuta, ile ya upande wa geti, ilikuwa imechanua maua ya njano yanayong'aa. Majani ya upande huo yalikuwa yamepungua upana na yamekuwa makali hata watoto wakasukuma sahani. Theluthi mbili zilizobaki zilikuwa na majani mapana, ya kijani kilichofifia, bila dalili yoyote ya ua.

Tuta lilikuwa moja, siku ya kupanda ilikuwa moja, na maji yalitoka mpira mmoja. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu. Kila aliyepita pale alikuwa na maelezo yake, na maelezo mengi kati ya hayo yangemfanya mama yule ama ang'oe mboga nzuri ama arudie jambo lile lile msimu unaofuata.

Baba mwenye nyumba alisema mke wake ameuziwa mbegu mbovu. Jirani, mzee anayefuga kuku, alisema samadi ya kuku iliyowekwa upande wa geti ilikuwa haijaoza sawasawa, ikaichoma mboga, nayo ikakimbilia maua. Mama mwenyewe alikuwa na wasiwasi mwingine. Pembeni mwa mfereji kuna magugu yenye maua ya njano yanayofanana sana na yale ya kwenye tuta, akahisi yamezaana na loshuu yake, na akawa anaogopa kuwapa watoto. Wa nne alikuwa mama mkwe, aliyeshuka kutoka Ilkiding'a kuwatembelea. Yeye hakueleza sababu yoyote. Nilipomsalimia, "Shikamoo yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, aliitikia marahaba, akanyosha kidole upande wa geti akasema, "Ile si loshuu. Nimewaambia tangu ikiwa midogo."

Nianze na samadi, kwa sababu ndiyo maelezo yanayosikika mara nyingi zaidi katika bustani za mjini. Ni kweli samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, na mche ulioungua hudumaa. Lakini nitrojeni nyingi huongeza majani, haiharakishi maua. Kinachoharakisha maua katika mboga za jamii hii mara nyingi ni taabu: joto kali, kiu, udongo uliochoka, miche iliyosongamana. Juni na Julai ni miezi ya baridi Arusha, asubuhi mtu anatoka na sweta. Udongo niliuchimba kwa kidole pande zote mbili, unyevu ulikuwa sawa. Na mama alithibitisha kwamba samadi ilitoka gunia moja na ilitandazwa tuta zima. Zaidi ya hayo, mbolea inaweza kulifanya jani likawa kubwa, dogo, la njano au la kijani kizito, lakini haiwezi kubadilisha ukingo wa jani. Majani ya upande wa geti yalikuwa na meno yasiyo na mpangilio, mengine makubwa mengine madogo, na chini karibu na shina yalikuwa na vijipande vidogo vya jani pembeni mwa kikonyo. Ya upande wa pili hayakuwa hivyo. Tofauti ya namna hiyo haitokani na kilichomo kwenye udongo.

Maelezo ya kuzaana na magugu yanahitaji uangalifu, maana yana chembe ya ukweli ndani yake. Nyuki huruka kutoka ua la gugu hadi ua la mboga, na mimea ya jamii hii ina historia ndefu ya kuchanganyika. Lakini chavua inayotua leo matokeo yake huonekana kwenye mbegu, na mbegu hiyo mpaka ipandwe. Gugu la pembeni mwa mfereji haliwezi kubadilisha majani ya mche ambao tayari umesimama. Kama kulikuwa na kuchanganyika, kungekuwa kumetokea kwenye shamba la aliyezalisha mbegu, msimu uliopita, mbali na Moshono.

Hapo ndipo tunarudi kwa muuzaji. Kama mbegu zilichanganyika shambani kwake au kwenye gunia lake, miche migeni ingetawanyika: mmoja hapa, miwili kule, katikati ya loshuu. Nilichokiona hakikuwa hivyo. Kulikuwa na mpaka. Ungeweza kulaza kamba kukatiza tuta, upande huu yote yamechanua, upande ule hakuna hata moja. Ilipo mipaka iliyonyooka namna ile kwenye tuta, kuna mkono wa mtu. Muuzaji wa Tengeru akawa ametoka kwenye lawama kabla hatujaangalia jani hata moja, na naona ni muhimu kulisema hili, kwa sababu wauza mbegu wa gulioni hulaumiwa kwa mengi ambayo si yao.

Ikabaki kauli ya yeyo. Nilimuomba anionyeshe anajuaje. Alichuma jani moja la upande wa loshuu, akalilaza kwenye kiganja, akapitisha dole gumba kutoka katikati kwenda ukingoni. Pale dole lilipopita pakabaki mchirizi wa kijani kilichokolea, kana kwamba amefuta vumbi. Halikuwa vumbi. Ni nta, utando mwembamba mweupe unaolifunika jani la loshuu na kulifanya lionekane limefifia. Akachuma la upande wa geti, akafanya vile vile. Hapakubaki mchirizi wowote. Jani lile lilikuwa la kijani cheupe kinachong'aa, jembamba zaidi, na nilipoligeuza na kupapasa mishipa ya chini nikagusa vinywele vigumu vichache. Mama akaleta maji kwenye kikombe tukamwagia majani yote mawili. Kwenye loshuu maji yalijikusanya matone, yakabingirika na kuanguka. Kwenye lile jingine yalitandaa, jani likalowa.

Baada ya hapo tulishuka kwenye vikonyo. Cha loshuu ni kirefu, kilaini, kwa miche mingine kina rangi ya zambarau iliyopauka. Kisha tukatazama maua ya upande wa geti: petali nne zilizokaa mfano wa msalaba, stameni sita, nne ndefu na mbili fupi. Alama hizo zinathibitisha ukoo tu, hazitenganishi mmoja na mwingine, kwa sababu kabeji, figili, haradali na loshuu wote wanazo. Rangi ndiyo inayosaidia kidogo: haradali huwa na njano kali, loshuu mara nyingi huwa na njano iliyopauka kuelekea rangi ya maziwa. Ya upande wa geti yalikuwa njano kali.

Mwisho tukaangalia mahali majani ya juu yanaposhika shina lililonyanyuka. Hapa ndipo mimi hupaamini kuliko pengine pote. Chainizi ya jamii ya tanipu, Brassica rapa, majani yake ya juu hayana kikonyo; sehemu ya chini ya jani huwa na masikio mawili yanayolikumbatia shina. Haradali haikumbatii. Jani lake la juu hupungua taratibu hadi kuwa kikonyo kifupi. Loshuu nayo haikumbatii. Kwa hiyo tulijua haikuwa chainizi, na kwa kukosa nta tukajua haikuwa loshuu. Ilikuwa haradali ya kahawia, Brassica juncea.

Nimetaja majina ya kitaalamu kwa sababu kuna jambo ndani yake linaloeleza kwa nini dole gumba la yeyo lilifanya kazi. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Nagaharu U alionyesha jinsi mimea sita ya kundi hili ilivyo ndugu. Mitatu ni wazazi: haradali nyeusi, jamii ya kabeji na sukuma wiki, na jamii ya tanipu na chainizi. Mingine mitatu ilizaliwa na wazazi hao wawili wawili, ikabeba kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, za pande zote mbili. Haradali nyeusi na jamii ya kabeji walizaa loshuu, Brassica carinata, ambayo kwao ni nyanda za juu za Ethiopia. Haradali nyeusi hiyo hiyo na jamii ya tanipu wakazaa haradali ya kahawia. Loshuu ina kromosomu 34, haradali ya kahawia 36.

Kwa hiyo mimea miwili ya kwenye tuta lile ni ndugu wa mzazi mmoja. Ukali wanaushiriki, wameurithi kwa haradali nyeusi. Ndiyo maana ulimi peke yake hautoshi kuwatenganisha. Lakini loshuu imebeba pia upande wa kabeji, na jani la kabeji na sukuma wiki linajulikana kwa nta yake na unene wake. Haradali imebeba upande wa tanipu, jani jembamba, linalolowa, lenye vinywele. Ukilishika jani ukauliza, "Hili linanikumbusha sukuma wiki au chainizi?" unakuwa umeuliza swali sahihi kabisa la kiukoo. Yeyo amekuwa akiliuliza kwa dole lake tangu ujana wake. Vinywele, hata hivyo, visitumike peke yake. Vipo zaidi kwenye majani machanga na ya chini, vya juu hupotea mmea unapokomaa, na loshuu nayo wakati mwingine huwa navyo kidogo kwenye vikonyo.

Sasa haradali ilifikaje pale? Tulipomaliza kuangalia, mama aliingia jikoni akatoka na kopo. Ndani yake mlikuwa na mbegu ndogo za mviringo, za kahawia, alizonunua kwenye duka la viungo ili atengeneze achari ya embe. Akamwita kijana anayemsaidia kazi za nje. Kijana akaeleza bila kuficha, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza: mbegu za kwenye gazeti ziliisha kabla tuta halijaisha, akaona kwenye kopo kuna zinazofanana, akamalizia nazo. Naye alikuwa amesema kweli kuhusu kufanana. Tuliweka chache za kila aina kwenye karatasi nyeupe, na kwa macho hakuna aliyeweza kuapa zipi ni zipi.

Kwenye kipande cha gazeti kilichokuwa kimehifadhiwa dirishani zilikuwa zimebaki mbegu kadhaa mikunjoni. Zikapandwa kwenye kopo moja lenye udongo wa tuta, na za achari kwenye kopo jingine, yakawekwa pamoja kibarazani. Ziliota karibu wakati mmoja. Majani mawili ya kwanza, yale ya mbegu, yalikuwa na umbo la moyo kwenye makopo yote mawili, hayana tofauti yoyote ya maana. Ilipofika jani la tatu na la nne, kopo la gazeti lilikuwa na majani yanayofifia na kushikilia matone. Kopo la achari lilikuwa na majani yenye meno, yanayolowa. Suala likaisha.

Hapa kuna jambo ninalotaka kila mwenye bustani alishike. Usiamue chochote kwa majani ya umbo la moyo. Kabeji, figili, haradali, loshuu, chainizi, wote huzaliwa na sura hiyo. Nimeona watu wakipalilia tuta lenye miche michanga na kung'oa mboga, wakaacha gugu. Punguzia msongamano, sawa, lakini kuchagua kipi ni kipi kusubiri jani la tatu au la nne, na kukiwa na shaka acha miche miwili mitatu mpaka shina linyanyuke.

Mbona haradali ilichanua mapema hivyo, na katika baridi? Kwa sababu ya ilikotoka. Brassica juncea ina aina nyingi sana. Kuna zilizochaguliwa na wakulima kwa ajili ya majani, hasa China na nchi jirani zake, majani mapana yanayochumwa kwa wiki nyingi. Na kuna zilizochaguliwa kwa ajili ya mbegu na mafuta, hasa India na Pakistani. Za duka la viungo ni za kundi hili la pili. Mkulima wa mbegu anataka mmea ufike kwenye ua haraka, uzae maganda mengi, ukomae. Ukiupanda kama mboga ya majani unakupa majani machache kisha unafuata kazi yake. Haukuwa mgonjwa, haukuwa umechomwa na samadi. Ulikuwa unafanya kilekile ulichochaguliwa kufanya. Mtu anayetaka haradali ya kula majani atafute mbegu iliyoandikwa hivyo, asipande ya achari akitarajia majani ya msimu mzima.

Wasiwasi wa mama kuhusu watoto ulikuwa na haki ya kujibiwa sawasawa. Majani ya haradali yanaliwa, yamekuwa yakiliwa Asia kwa karne nyingi. Ukali ule una maelezo. Ndani ya jani kuna kemikali iitwayo sinigrini, imetengwa na kimeng'enya kinachoivunja. Jani likipondwa, likikatwa au likitafunwa, viwili hivyo hukutana na kutoa mafuta makali yanayopanda puani. Moto huharibu kimeng'enya. Kwa hiyo ukilichovya jani zima kwenye maji yanayochemka kabla ya kulikatakata, ukali hupungua sana. Ukilikatakata kwanza likakaa kwenye sinia huku unamenya vitunguu, ukali umeshatoka na utaingia nao kwenye sufuria. Siku ile majani mazuri ya upande wa geti yalichemshwa kwa dakika chache, yakachujwa, yakakaangwa kwa kitunguu na nyanya pamoja na mchicha nusu kwa nusu. Vishina laini vyenye vichipukizi vya maua ambavyo bado havijafunguka vilikatwa na kukaangwa pia, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo vitamu kuliko sehemu nyingine yoyote ya haradali ya mbegu.

Magugu ya pembeni mwa mfereji yalikuwa suala jingine. Miche michache ilikuwa imeingia kwenye tuta, mpakani. Hiyo ilikuwa figili mwitu, Raphanus raphanistrum. Jani lake linakwaruza mkononi pande zote mbili, lina kipande kikubwa cha mwisho na vipande vingi vidogo pembeni. Petali zake ni za njano iliyopauka na zina mishipa ya rangi iliyokolea. Lakini kinachomaliza ubishi ni ganda. Ganda la haradali na loshuu ni refu, jembamba, na likikauka hupasuka pande mbili likamwaga mbegu. La figili mwitu limebanwa kati ya mbegu na mbegu, kama shanga zilizotungwa, na likikauka hukatika vipande badala ya kupasuka. Hayo yaling'olewa, kwa sababu yanasambaa haraka na kufuga wadudu wa mboga.

Kuna mmea mmoja tu wa kuogopa kweli katika habari hii, na hauko hata kwenye ukoo huu. Ni Argemone mexicana, ule wenye majani ya miiba na mishipa myeupe, ua la njano, na utomvu wa njano ukiukata. Unaota kandokando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Kwa majani hakuna anayeweza kuuchanganya na mboga. Hatari iko kwenye mbegu, ambazo ni ndogo, nyeusi, na zinakaribia kufanana na za haradali. Tofauti ni kwamba zina vishimo vidogo kama wavu, wakati za haradali ukizitazama kwa macho huonekana laini. Mwaka 1998 huko Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na ya Argemone yalisababisha maradhi ya kuvimba miguu na moyo kushindwa kufanya kazi, na makumi ya watu walifariki. Anayevuna mbegu zake za achari ahakikishe mmea huo haupo shambani wakati wa kuvuna, na azipepete juu ya kitambaa cheupe kwenye mwanga.

Tuta lilipangwa upya hivi. Upande wa loshuu haukuguswa, ukaendelea kuchumwa majani ya chini kila wiki, ukiachwa moyo na majani ya juu yanayolisha mmea. Upande wa geti ulikatwa wote isipokuwa mstari mmoja, ulioachwa ukomae uzae mbegu za achari, kwa kuwa mama alizipenda zile alizonunua. Udongo uliobaki wazi uligeuzwa, ukaongezwa mboji, ukapandwa karoti na vitunguu. Mboga nyingine ya ukoo wa kabeji haikurudishwa pale mara moja. Ukipanda loshuu, kisha kabeji, kisha sukuma wiki mahali pamoja, vidukari, nondo mgongo almasi na uozo mweusi havipati sababu ya kuondoka.

Kuhusu upandaji wenyewe wa loshuu sina mengi, maana ni mboga isiyo na kiburi. Mbegu kina cha sentimita moja, mistari iachane sentimita 40 hivi na mche kwa mche 30 ukitaka kuchuma majani kwa muda mrefu. Huota ndani ya siku tatu hadi tano, na wiki ya tano unaanza kuchuma. Maji yasikatike. Vidukari vya kijivu vikijikusanya chini ya majani, ondoa jani lililoelemewa na uoshe mengine kwa maji ya sabuni jioni; ukivikuta mapema hutahitaji dawa ya dukani.

Wifi yake mama anaishi Pasua, Moshi, naye alichukua miche ya upande mzuri. Moshi mjini iko chini sana kuliko Arusha: Arusha ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni kama mita 900 au pungufu. Joto la pale ndilo linaloifanya loshuu iwe kali na ichanue mapema, hata ikiwa loshuu halisi. Ushauri aliopewa ni kupanda kati ya Mei na Julai, upande wa nyumba unaopata kivuli mchana, na kumwagilia asubuhi na jioni kukiwa kukavu. Ndugu zake walio Kibosho, juu ya mlima, hawana shida hiyo. Kule inakaa vizuri hata pembeni mwa migomba. Kwa hiyo mtu wa Moshi akiona loshuu yake imechanua, asikimbilie kusema amechanganyiwa mbegu. Kwanza apitishe dole kwenye jani. Nta ikiwepo, atafute kosa kwenye joto na maji.

Limebaki suala la mbegu za msimu ujao, na hapa niliongea na mama kwa kirefu kuliko mahali pengine. Watu wengi huchukua mbegu kwenye mche uliotangulia kuchanua, kwa sababu ndio wa kwanza kukauka na mkono uko tayari. Kwa mboga ya majani hiyo ni kuchagua kinyume. Unazidisha kila msimu ile tabia ya kukimbilia ua, na baada ya misimu kadhaa una loshuu inayokupa majani mara mbili tatu kisha basi. Zinazofaa kuwa mama wa mbegu ni zile zilizochelewa, zenye majani mapana na afya. Mama alifunga vitambaa vyekundu kwenye mashina manne ya namna hiyo katikati ya tuta, na kijana akaambiwa yasichumwe tena.

Loshuu na haradali hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, ingawa nyuki huhamisha chavua pia. Kuzaana kati yao wawili si jambo rahisi, na lile la figili mwitu kuzaana nao ni nadra zaidi. Hata hivyo mstari wa haradali uliachwa mwisho kabisa wa tuta, mbali na mashina yenye vitambaa, na ulichanua na kumaliza kabla loshuu haijaanza. Chainizi ni tofauti. Yenyewe haijichavushi vizuri, inahitaji mimea kadhaa na nyuki, kwa hiyo anayeweka shina moja tu la chainizi kwa ajili ya mbegu atapata maganda matupu mengi.

Maganda ya haradali yalipoanza kugeuka rangi ya majani makavu, yalikatwa na mashina yake asubuhi, umande ukiwa bado upo, yakatandazwa kwenye turubai. Ukisubiri mchana wa jua kali yanapasuka ukiyagusa. Hata kwa uangalifu huo nyingine zilimwagika, na haradali iliyomwagika hulala kwenye udongo ikaota misimu inayofuata. Mama ameshaambiwa aitarajie katikati ya karoti zake mvua za vuli zikianza: miche yenye majani yenye meno, isiyo na nta. Ikifika jani la nne aing'oe, ale.